Kijana, Leseni Yako ni ya Chombo Gani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri. Imeandikwa upya kidogo kwa ajili ya msomaji.)



Ndugu yangu kijana, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo unachokitia mfukoni, au pengine huna kabisa: leseni ya udereva. Najua wako watakaosema, "Ramadhani hii, badala ya kutuzungumzia saumu watuletea mambo ya trafiki?" Naam, nayaleta makusudi. Hebu tazama barabara zetu nusu saa kabla ya Maghribi. Kila mtu ana haraka, tumbo tupu, kichwa chauma, na ile pikipiki inayokupita kama mshale anaiendesha mtoto wa Form Two. Nyuma amempakia mdogo wake, na kwenye usukani ametundika mfuko wa kaimati. Helmeti hakuna. Leseni ndiyo usiulize.

Iddi ikifika huwa zaidi. Vijana wanachanga pesa, wanakodi gari kwa siku moja, wanajazana saba ndani, basi ni kutoka Makadara hadi Mama Ngina, kutoka huko hadi Nyali, usiku kucha. Ukiuliza dereva ni nani utaambiwa, "Huyu hapa, ana leseni." Ukiuliza leseni gani, hapo kimya.

Basi swali langu kwako si kama una leseni. Swali ni: leseni hiyo ni ya chombo gani?

Wazee wetu walizoea BCE. Mtu akitafuta kazi ya udereva, jambo la kwanza aliulizwa, "Una BCE?" E ndiyo iliyokuwa ya gari dogo, na pikipiki watu walisema FG. Leseni yenyewe ilikuwa kijitabu chekundu. Hayo yamepita. NTSA, mamlaka inayosimamia usafiri na usalama barabarani, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kadi zenye chipu zilianza kutolewa mwaka 2017. Kisha kanuni za mwaka 2020 kuhusu shule za udereva, walimu wa udereva na leseni zikaja na madaraja mapya. Herufi ni zile zile za alfabeti lakini maana zake zimegeuka. Kwa hivyo ami yako akikwambia E ndiyo ya gari dogo, mheshimu, lakini usimfuate. Wakati wake ilikuwa kweli.

Kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20, herufi zinazomhusu hasa ni mbili: A na B. A ni pikipiki na jamaa zake, B ni gari dogo. Mwenye ulemavu anayeendesha chombo kilichotengenezwa kumfaa ana daraja lake, F, na hilo wengi hawalijui kabisa. C na D, yaani malori, matatu na mabasi, hayo yasubiri. Yanataka umri mkubwa zaidi na miaka ya uzoefu, na hakuna kijana wa miaka 18 anayeyapata, hata kama amekulia steji na anajua kila kona ya njia.

Sasa tuingie kwenye A, maana hapo ndipo penye mtego.

Daraja hili limegawanywa mara tatu. A1 ni ya vipikipiki vidogo ambavyo injini yake haizidi 50cc, na umri wake wa chini ni miaka 16. A2 ni ya pikipiki iliyozidi hapo, na lazima uwe na miaka 18. A3 ni ya anayebeba abiria au mizigo ya watu kwa malipo, yaani boda boda na wapeleka vifurushi, pamoja na tuktuk ya magurudumu matatu. Hiyo pia ni miaka 18.

Kijana akisikia "miaka 16" anaruka. "Si nimewaambia? Sheria yaniruhusu!" Pole pole bwana. Hebu toka nje ya msikiti uzitazame pikipiki zilizoegeshwa pale ukutani. Boxer hiyo, TVS ile, nyingine imetoka Uchina jina limeshafutika. Nenda usome injini zake. Utakuta 100cc, 125cc, 150cc. Ya 50cc utaitafuta mpaka adhana iingie. Maana yake ni kwamba hata kijana wa miaka 16 aliyefuata njia zote akapata A1 halali, akipanda Boxer ya mjomba wake anaendesha chombo ambacho hana leseni yake. Mbele ya sheria tofauti yake na asiyekuwa na leseni kabisa si kubwa. Leseni ya miaka 16 ipo, lakini chombo chake barabarani kwetu karibu hakipo.

Tena kuna jambo la pili. Maombi ya leseni hufanywa mtandaoni, kwenye eCitizen, na akaunti ya kawaida ya raia huanza kwa nambari ya kitambulisho. Kitambulisho nacho hupewi kabla ya kutimiza miaka 18. Sasa mwenye miaka 16 aanzie wapi? Mimi naona kanuni hii iliandikwa vizuri kwenye karatasi bila kutazama mlango anaopitia mwananchi. Ukijumlisha haya mawili, kwa kijana wetu wa kawaida umri wa kuendesha chochote chenye injini ni miaka 18. Anayekwambia vinginevyo ana pikipiki anataka kukukodisha.

Na hapa niseme neno juu ya vitambulisho, kwa sababu linatugusa. Vijana wetu wengi wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki hawapati kitambulisho wakiwa na miaka 18. Wamekuwa wakipigwa msasa, wanaambiwa leta cheti cha babu, leta barua ya chifu, rudi mwezi ujao, mpaka kijana afika miaka 20 akiwa bado na karatasi mkononi. Mtu asiye na kitambulisho hana leseni, na kazi ya udereva haiwezi kumngoja. Anaingia barabarani hivyo hivyo. Simhalalishii, lakini tukimlaumu kijana peke yake tutakuwa hatukusema kweli. Mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kishughulikie akiwa bado shule ya msingi. Ukingoja mpaka atimize 18 ndipo utafute cheti, umeshachelewa miaka miwili.

B ni rahisi kueleza. Ni gari dogo, umri ni miaka 18, na ndani yake kuna gari la automatiki na gari la gia za mkono. Ukifanyiwa mtihani kwa automatiki, leseni yako ni ya automatiki. Kuna na B ya kazi, ya anayelipwa kuendesha, nayo haipewi kijana aliyetoka shule ya udereva jana.

Kabla ya leseni yoyote kati ya hizi kuna ile ya muda, ya mwanagenzi, wengi huiita PDL. Hii ndiyo inayowaletea vijana matatizo kuliko zote, maana kadi ya muda na kadi kamili zote zinaitwa leseni, na kijana akishaona jina lake limeandikwa anajiona dereva. La. Ya muda inakuruhusu kujifunza, basi. Unajifunza ukiwa na mwalimu mwenye idhini pembeni yako, na gari lina kibao cha L mbele na nyuma. Hairuhusu kwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege. Hairuhusu kubeba abiria kwa pesa. Kumpeleka mama sokoni Kongowea, "hapa karibu tu", hairuhusu pia.

Mtihani wenyewe wengi mnaujua kwa kusikia. Kuna alama za barabarani, kuna ile meza iliyochorwa mji mdogo, unasukuma kigari cha kuchezea huku ukieleza kwa sauti unachofanya: naangalia kioo, naweka indiketa, napisha walio kwenye mzunguko. Kisha unapanda gari na mtahini. Watu wanaicheka ile meza. Mimi siicheki. Asiyeweza kueleza nani apite kwanza kwenye mzunguko wa mezani, atajuaje kwenye mzunguko wenye malori? Lakini ni kweli vile vile kwamba meza haina mkokoteni unaokuja upande wako, haina matatu inayoshusha abiria katikati ya njia, wala haina foleni ya feri ya Likoni. Hayo unajifunza barabarani, ukiwa na mtu aliyekutangulia.

Ndiyo sababu kununua mtihani ni hasara ya mnunuzi mwenyewe. Mnajua ninachokisema. Kuna mahali mwanafunzi huambiwa aongeze kitu kidogo ili asisumbuliwe na masomo yote, na kuna wazazi wanaolipa wakifurahi kuwa mtoto amemaliza haraka. Umenunua nini sasa? Umenunua kadi. Klachi hukuinunua, breki hukuinunua, wala macho ya kuona mtoto anayekimbilia mpira. Na pikipiki ndiyo mbaya zaidi: mtu anafundishwa na rafiki yake kiwanjani alasiri moja, kesho yake anabeba mama mjamzito.

Mzazi, nimekuja kwako. Pengine unasema mada hii ni ya vijana. Sheria ya trafiki, sura ya 403, inakutaja na wewe. Mwenye gari, au aliye na dhamana ya gari, haruhusiwi kumwachia mtu aliendeshe ikiwa mtu huyo hana leseni halali ya daraja hilo. Ukimrushia mtoto funguo akalete mkate wa mofa, na yeye ana miaka 16, tayari mko wawili katika kosa. Na hilo ni kabla hajagonga mtu.

Akigonga, Allah atuepushe, ndiyo hesabu nyingine inaanza. Bima unayolipa kila mwaka ina masharti, na karibu kila bima ina sharti kwamba dereva awe na leseni ya chombo anachoendesha. Gari lako utalitengeneza kwa pesa zako. Aliyeumia akidai, hata bima ikimlipa kwa kuwa sheria inamlinda mtu wa nje, kampuni inaweza kukugeukia wewe irudishiwe pesa zake. Nimeona familia ikiuza kiwanja kwa sababu ya safari ya dakika kumi. Kijana yule hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anajua kuendesha kweli kweli, tena vizuri kuliko baba yake. Lakini mahakamani hakuna aliyeuliza kama anajua. Waliuliza kadi.

Sasa niseme jambo ambalo sheria yetu haikulifikia vya kutosha, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Ndugu zetu wengi wamehamia Toronto, huko Canada, na watoto wao wanajifunza kuendesha huko. Jimbo lao la Ontario limeweka leseni kwa ngazi tangu mwaka 1994. Ya kwanza inaitwa G1, unaipata ukiwa na miaka 16 baada ya mtihani wa kuandika na wa macho. Ukiwa nayo unaendesha ukiwa na mtu mzima pembeni aliyekaa na leseni si chini ya miaka 4, na kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri huendeshi kabisa. Kwa kawaida baada ya miezi 12 unafanya mtihani wa barabarani, ukifaulu unapata G2, unaendesha peke yako. Lakini kijana asiyezidi miaka 19, katika miezi 6 ya kwanza ya G2, usiku wa manane anaruhusiwa kumpakia kijana mwenzake mmoja tu. Mmoja! Ndugu zake wa nyumbani hawahesabiwi. Baadaye ndipo mtihani mwingine, na leseni kamili ya G. New Zealand ndio waliotangulia na mpango wa namna hii, mwaka 1987, na Florida kule Marekani wakafuata mwaka 1996.

Kwa nini wakajisumbua hivyo? Kwa sababu waligundua kwamba dereva kijana haumii sana akiwa anafundishwa. Mwalimu yuko pembeni, kila mtu ana hofu. Anaumia miezi ya mwanzo baada ya kuachwa peke yake, na zaidi usiku, na zaidi tena akiwa amewapakia vijana wenzake. Kila rafiki anayeingia ndani ya gari anaongeza hatari. Ujuzi wa gia ni ule ule. Ni zile kelele, na "hebu mpite huyu tuone", na muziki, na aibu ya kuonekana mwoga mbele ya wenzio.

Kwetu, ukishafaulu mtihani hakuna anayekuuliza umempakia nani na saa hizi ni saa ngapi. Leo umepata B, leo usiku unaweza kuwachukua marafiki wanne mkaenda Malindi. Kijana wa miaka 18 kutoka Kisauni na kijana wa miaka 18 kutoka Toronto wana damu moja ya moto. Mmoja amewekewa ngazi, mwingine amefunguliwa lango.

Basi ngazi hiyo tuiweke wenyewe nyumbani. Haihitaji Bunge. Mzazi mwenye gari amwambie mtoto: miezi sita ya kwanza, ukiwa peke yako hupakii rafiki. Mama, sawa. Dada zako, sawa. Marafiki, hapana. Usiku baada ya tarawehe gari linalala. Barabara kuu ya Nairobi tutakwenda pamoja, mimi nikiwa pembeni, mara ya kwanza na ya pili na ya tano. Mtoto atanuna. Aache anune. Na wewe kijana, ukiona baba hakuweka masharti hayo, jiwekee. Wenzako wakikucheka, sema baba amekataa, mtupie yeye lawama. Baba ana mgongo mpana.

Iddi hii kama mnakodi gari, angalau fanyeni hivi: anayeendesha atoe kadi yake na kila anayepanda aisome. Ina B? Haijaisha muda? Ni kadi kamili au ya muda? Mkikuta A pekee, basi huyo ni dereva wa pikipiki, gari arudishiwe mwenyewe. Na pikipiki pia, abiria ni mmoja. Helmeti mbili na majaketi mawili ya kung'aa, yako na yake. Watatu juu ya Boxer wakiwa wamevaa kanzu mpya ni picha nzuri kwenye simu, lakini hakuna daraja la leseni linaloruhusu.

Baada ya mada kulikuwa na maswali mengi, mengine yalijibiwa hapo hapo. Nitaandika mawili.

Dada mmoja aliuliza kama inafaa achukue leseni ya automatiki kwa kuwa ni rahisi, na gari la nyumbani ni automatiki. Nilimwambia ikiwa ni ya kuendesha gari hilo tu, inamtosha. Lakini kama anafikiria kazi siku za mbele, au gari la mumewe litakuwa la gia, basi ajifunze gia sasa. Aliyejifunza gia ataendesha zote mbili, aliyejifunza automatiki itabidi arudi tena kwenye mtihani.

La pili liliulizwa na kijana aliyekaa nyuma kabisa, tena aliuliza kwa sauti ya chini. Ana miaka 17. Baba yake amefariki, na yeye ndiye mkubwa. Anaendesha boda boda ya mtu mwingine, jioni anapeleka hesabu, kinachobaki ndicho kinachopikwa nyumbani, futari na daku. Akasema, "Ustadhi, nimekusikia. Nikiiacha leo, leo hiyo hiyo nyumbani wale nini?"

Sikuwa na jibu jepesi na sikujaribu kulitafuta. Leseni ya A3 hataipata kabla ya miaka 18, na hakuna barua ya chifu wala ya imamu itakayobadilisha hilo. Anayempa pikipiki anajua umri wake, na siku akianguka mwenye pikipiki atasema imeibwa. Hayo nilimwambia waziwazi. Kisha nikawageukia watu wazima waliokuwepo. Mmoja ana duka la jumla, akakubali kumpa kazi ya kupeleka mizigo ya karibu kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga, ambayo haitaki leseni. Pesa zake ni kidogo kuliko za boda boda, kila mtu alijua. Pengo hilo ndugu watatu walisema watalijazia kwa zamu mpaka Iddi, na baada ya Iddi tutakaa tena. Ada ya shule ya udereva ya A3 tumeanza kuichanga, na cheti chake cha kuzaliwa kipo, nimekiona. Kitambulisho ataomba wiki ile ile atakayotimiza miaka 18. Imebaki miezi saba. Anayetaka kuchangia amwone mweka hazina wa jumuiya baada ya tarawehe.